Kwanini simulizi za matajiri wetu zinaruka ukurasa wa hesabu? (uzi wa wenye maduka, vibanda na ndoto)

KauntaBuku (mleta uzi):

Wakuu habari za jumapili. Uzi ni mrefu, kama hupendi kusoma pita kimya kimya usije ukaandika "fupisha" maana sifupishi.

Kila nikiingia whatsapp nakuta klipu ya jamaa kavaa suti anatuambia Mengi, yule tajiri wa IPP, alianza na kalamu chumbani kwake, wewe una simu janja mkononi na bado unalalamika. Watu wanapiga makofi, wanaweka steitasi, jumatatu wanaamka na moto, ikifika alhamisi moto umezima na duka liko vilevile. Mi sina ugomvi na hawa wahamasishaji, mtu akikuamsha usingizini kakusaidia. Shida yangu ni kipande wanachokiruka.

Mzee Mengi kweli alianza kuunganisha kalamu nyumbani miaka ya themanini, kipindi bidhaa zimeadimika na fedha za kigeni hakuna, waliokuwepo wanazikumbuka foleni za sabuni na sukari. Ila mbona hawamalizii? Wakati anaunganisha zile kalamu alikua mhasibu aliyesomea Uingereza, yupo Coopers & Lybrand (kampuni ya wakaguzi wa hesabu), na sio karani wa pale, alifika mpaka kuiongoza hapa Tanzania na akaja kuondoka 1989. Yani kampuni yake inaanza huku mshahara unaingia kila mwezi. Halafu leo anatajwa kama mfano kwenye semina za "acha kazi ufuate ndoto yako", jamani! Mtu aliyekua anakagua vitabu vya makampuni ya watu kutwa nzima unadhani hakujua kalamu moja inamgharimu shilingi ngapi mpaka inafungwa kwenye boksi?

Sasa twende kwa jirani, benki ya Equity ya Kenya. Hii ndo naipenda zaidi maana ipo wazi. Ilianza 1984 kule Murang'a ikiwa sio benki, ilikua kampuni ya kukopeshea watu nyumba, Equity Building Society. Kufika 1993 Benki Kuu ya Kenya ikawaambia nyie kitaalamu mmefilisika. Zaidi ya nusu ya mikopo waliyotoa ilikua hailipwi vizuri, hasara iliyolimbikizwa shilingi milioni 33 za kikwao wakati mtaji uliolipwa ni milioni 3 tu. Na kuna kitu kibaya kuliko hayo yote, hela za waweka akiba ndo zilikua zinalipia matumizi ya ofisi. Mama kauza kahawa yake kaweka akiba, nyie mnalipia kodi ya jengo na mishahara.

Kipindi hicho ndo kaingia James Mwangi. Wahamasishaji wanapenda kusimulia alivyolelewa na mama mjane na alivyouza mkaa akiwa mtoto, na ni kweli, sio chai. Lakini aliingia pale kama mkuu wa fedha. Mhasibu! Ubosi mkuu kaupata 2004, miaka kama kumi baadae. Na tatizo waliloliona lilikua la hesabu kabla halijawa la imani, kwamba unachukua akiba ambayo mwenyewe anaweza kuja kuitoa kesho asubuhi, unaenda kumkopesha mtu wa nyumba atakayelipa kwa miaka na miaka. Hata umpate malaika akae kaunta hiyo biashara inakufa. Wakaiacha njia ya nyumba, wakageukia watu wadogo, akiba ndogondogo na mikopo mifupi, wakawafundisha upya wafanyakazi namna ya kuongea na mkulima aliyekuja na matope miguuni, wakapeleka huduma vijijini kwa magari. Kompyuta wameweka 2000, mwisho wa 2004 wakawa benki kamili, 2006 wakaingia soko la hisa Nairobi. 2012 Mwangi akapewa tuzo ya dunia ya Ernst & Young ya mjasiriamali bora wa mwaka.

Ukiitazama vizuri hiyo safari, miaka ya mwanzo ni kazi ya kuchosha tu ya kujua hela ipi ni ya nani na inatakiwa irudi lini. Hiyo haiuziki kwenye klipu ya dakika moja, hakuna muziki wa kuiwekea.

Nashushia na hesabu ya duka, ngoja nichukue chai kwanza.

KauntaBuku:

Naendelea. Tuchukue duka la mtaani la kawaida, namba ni za mfano, we weka za kwako.

Unauza laki 3 kwa siku. Jioni ukifunga una laki 3 mkononi na unajiona bosi. Ila faida ya vitu vya duka tuseme asilimia 10, kwahiyo katika ile laki 3 ya kwako ni elfu 30, ile laki 2 na elfu 70 ni mzigo wa kesho umevaa nguo ya hela. Fremu laki 3 kwa mwezi, toa elfu 10 kila siku. Dogo anayekuuzia laki na nusu, toa elfu 5. Umeme, mlinzi, taka, mifuko, toa elfu 3. Umebaki na elfu 12. Sasa nyumbani mama watoto anapiga simu saa nne asubuhi, mchele umeisha, mtoto ana hela ya tuisheni, unafungua droo unatoa. Afu we mwenyewe umekula chipsi kuku kwa jirani na vocha umekwangua ya hapohapo dukani. Jumla elfu 20 imeondoka na hujaandika popote maana "si duka langu".

Elfu 12 umetengeneza, elfu 20 umekula. Kila siku elfu 8 ya mtaji inaondoka, kwa mwezi ni laki 2 na elfu 40. Kama duka lina mzigo wa milioni 3 basi lina maisha ya mwaka na siku kidogo. Na mwaka mzima huo mauzo hayajashuka, wateja wapo, dogo haibi. Ndo maana mtu akifika mwezi wa nane anaona rafu zinapwaya anaanza kusema kuna chuma ulete (uchawi wa kuvuta hela za duka), anamshuku bibi wa watu aliyekuja kununua kiberiti na noti iliyokunjwa. Sisemi mengi kuhusu imani za watu, ila kabla ya kwenda kwa mtaalamu mkoani nunua kaunta buku andika unachotoa kwenye droo kwa mwezi mmoja.

Nini cha kufanya? Jilipe mshahara. Usicheke. Jiandikie kama unavyomwandikia dogo, kwenye huo mfano ni elfu 12 kwa siku na hata hapo hujaacha akiba, ukitaka elfu 20 basi inabidi mauzo yafike kama laki 3 na elfu 80 au upate vitu vyenye faida kubwa zaidi ya asilimia 10. Hapo ndo unajua kazi ya mwezi huu ni ipi. Sio "nitapambana", ni elfu 80 zaidi kwa siku na unaanza kujiuliza itoke wapi, niongeze mkaa wa rejareja? niweke uwakala? nifungue saa kumi na mbili badala ya saa mbili? Mi hiyo ndo naiita motisha, maana ukiamka unajua unatafuta nini.

Mzee wa Fremu:

Mkuu umeniua na "si duka langu" 😂😂 mke wangu kasoma hapa kaniangalia tu hajasema kitu

Binti Tandika:

Nakaa siti ya mbele. Endelea mkuu, ila ongelea na uongozi maana kichwa cha duka ni mmoja ila wanaoharibu ni wengi. Mi nna saluni, mabinti wanne, nikitoka tu mauzo yanashuka nikirudi yanapanda, we unaonaje hapo?

Mpambanaji Halisi:

Samahani mleta mada ila hapa unawakatisha vijana tamaa. Watanzania wengi tatizo sio hesabu, ni uoga. Ukimpa mtu mahesabu yote hayo kabla hajaanza hataanza kabisa. Bakhresa kaacha shule mdogo kabisa, alikua na uhasibu gani? Leo ngano zake, juisi zake, boti zake, tv yake. Moto wa ndani ndo kila kitu, hesabu utaajiri wahasibu.

KauntaBuku:

Mpambanaji hoja yako nimeipenda maana nilijua lazima Bakhresa aje.

Kuacha shule sio kuacha hesabu. Mama muuza vitumbua wa pale kwenu hajasoma ila muulize kilo ya mchele inatoa vitumbua vingapi, atakujibu kabla hujamaliza kuuliza, na mafuta yakipanda yeye anapunguza ukubwa wa kitumbua siku hiyohiyo. Halafu tazama mpangilio wa huyo mzee. Kaanzia kwenye chakula cha kawaida kabisa, akaja kwenye kusaga unga. Unga ukiwa wako, mkate ni wako. Ukishakua na magari ya kusambaza unga kila mkoa, juisi na maji vinapanda gari hilohilo. Timu yake ya Azam FC imepanda ligi kuu 2008 na jina la bidhaa kifuani, Azam TV imekuja 2013, msimu wa 2013/14 timu ikachukua ubingwa bila kufungwa mechi hata moja na tv ya nyumbani ipo, jina linatajwa kila dakika na matangazo yanabaki ndani ya familia. We unaona moto, mimi naona mtu anayekataa kulipia kitu kimoja mara mbili.

Ila kuhusu uoga nakubaliana na wewe nusu. Kuna watu wana mipango kwenye excel tangu chuo na hawajawahi kuuza hata njugu. Hao hesabu wamezifanya kichaka cha kujifichia. Hesabu ninayosema mimi ni ya mtu ambaye kashafungua mlango.

Binti Tandika nakujibu chini.

KauntaBuku:

Haya, uongozi.

Watu tunadhani kiongozi ni yule akiingia kila mtu anasimama wima. Kuna tajiri mmoja Kariakoo simtaji, duka la jumla, ana vijana sita. Akiwepo utapenda, vijana wanakimbia, mzigo unapanda. Akienda msibani siku tatu duka halina bei. Yani kijana hajui kama anaweza kupunguza mia tano kwa mteja wa siku zote, anapiga simu, simu haipokelewi, mteja anavuka barabara. Mali kauli (mzigo wa kulipa baadae) ndo usiseme, nani anadaiwa nini ipo kichwani kwa tajiri, na kichwa kipo Singida makaburini. Huyo hana wafanyakazi, ana mikono sita ya ziada.

Sasa linganisha na kikoba cha kina mama. Utaratibu wa vikundi hivi umeanzia Niger 1991, CARE waliuanzisha na wanawake wa vijijini kwa jina la kihausa Mata Masu Dubara, ukasambaa Afrika nzima mpaka kwetu, na hapa Tanzania tangu sheria ya huduma ndogo za fedha ya 2018 vikundi vimewekwa daraja la nne na vinatakiwa kusajiliwa. Boksi lina kufuli tatu, funguo wanashika watu watatu tofauti na wala sio mwenyekiti wala mweka hazina, wanashika wanachama wa kawaida. Hisa zinanunuliwa mbele ya wote, hela inahesabiwa mbele ya wote, na kabla ya kufunga boksi kiasi kilichomo kinatamkwa kwa sauti kila mtu akishike kichwani. Mkutano ujao kabla ya kufungua wanaulizwa, tulifunga na kiasi gani? Wanajibu. Wanafungua, wanahesabu, inalingana. Mwenyekiti akiumwa kikao kinaendelea. Mwenyekiti akiwa mwizi ataiba nini na kwa ufunguo gani?

Hawa kina mama hawajahudhuria kongamano la uongozi hata moja, na boksi lao linafunguka mwaka unapoisha kila mtu anachukua chake anaenda kununua bati.

Kwahiyo dada wa saluni, mauzo yanashuka ukitoka kwa moja ya mambo mawili, ama hela inapita pembeni au wateja wanahudumiwa ovyo, na huwezi kujua ipi bila kuandika. Weka daftari mezani, kila kichwa kinachokaa kwenye kiti kiandikwe na anayesuka aandike mwenyewe jina lake, amesuka nini, bei gani, kalipwa taslimu au lipa namba. Jioni daftari lisomwe kwa sauti mabinti wote wakiwepo, we uwepo usiwepo, mmoja akutumie picha. Na uwape asilimia ya walichosuka badala ya mshahara wa bapa, utaona binti anamkumbusha mwenzie "hujaandika kichwa cha yule dada wa saa sita". Wakianza kulindana wao kwa wao we nenda hata harusini Moro.

Binti Tandika:

Asante sana. La asilimia nimelifikiria siku nyingi naogopa wataninyonya ila la kusoma kwa sauti sijawahi kulisikia, naanza kesho.

Wa Nakuru:

Mimi niko Kenya, acha niongeze moja hapo kwa Equity juu story ya upande ule mwingine pia ni yetu. Nakumatt, ile supermarket. Jina lenyewe lilitoka hapa Nakuru, Nakuru Mattress, duka la magodoro. Ikakua mpaka branchi zaidi ya sitini, Uganda, Rwanda, hata nyinyi huko Tanzania 2014 walichukua maduka ya Shoprite. Kila mtu alikuwa anabeba ile paperbag ya ndovu kama cheti. Duka la katikati ya Nairobi lilichomeka 2009, Westgate ikavamiwa 2013 na duka lao likiwa ndani, na bado waliendelea kufungua mengine. Shida ilikuwa nini? Walikopa pesa ya muda mfupi na mali ya masapulaya wakajengea maduka ambayo yanachukua miaka kurudisha. 2017 ukiingia rafu ni tupu, maji ya chupa yamepangwa mstari mmoja mbele ndio isionekane nyuma hakuna kitu. Sapulaya halipwi haleti, rafu tupu mteja haji, mteja asipokuja sapulaya halipwi. Januari 2020 wadai walipiga kura ifungwe. Deni zaidi ya bilioni thelathini za huku.

Ni ule ugonjwa tu uliosema wa Equity ya 1993, pesa fupi kwa kitu kirefu. Wale waligundua wakiwa wadogo, hawa wakiwa na ndovu kila mji.

KauntaBuku:

Mkuu wa Nakuru umeleta madini. Hapo pa maji ya chupa kupangwa mstari mmoja mbele nimepaona maduka mengi sana ya mtaa, tena mwenye duka anajisifia anajua kupanga.

Na huku kwetu huo ugonjwa una jina, kausha damu. Mtu anachukua laki 5 ya kurejesha kila wiki kwa miezi mitatu, anaenda kununua friji la kuuzia soda litakalojilipa mwaka ujao. Friji ni zuri, soda zinauzika, ila rejesho la jumatatu linamkuta hana, anatoa kwenye mtaji wa duka, wiki ya tano friji linabebwa na wale vijana wa bodaboda wawili. Hela ya wiki nunulia kitu kinachouzika ndani ya wiki, nyanya, mchele, vocha. Friji linunulie hela isiyo na haraka, ya kikoba mkigawana au akiba yako.

Mpambanaji Halisi:

Kwenye kausha damu sina cha kubisha, shemeji yangu wamembebea mpaka sabufa. Ila bado nasema bila moto hutaweza hata kuandika hilo daftari siku ya kumi. Kuandika kila jioni ukiwa umechoka nako kunataka roho.

KauntaBuku:

Hiyo nakupa pointi, kweli kabisa. Siku ya kwanza daftari ni tamu, siku ya kumi unaona uvivu, unasema nitaandika kesho za siku mbili. Ukifika hapo umekwisha. Mimi dawa yangu ni kwamba mlango wa duka haufungwi kabla daftari halijafungwa, kufuli linakaa juu ya daftari, ukitaka kufuli lazima ulishike. Sijui kama hiyo ni moto au ni ubishi tu.

Dogo Spea:

Mkuu mi nauza spea za pikipiki, vitu ni elfu na kitu, vingine vidogo kama nati. Nikianza kuhesabu mzigo wote nafunga duka siku mbili. Nafanyaje? Maana najua kabisa kuna vitu vinatoka sivioni hela yake.

KauntaBuku:

Usihesabu vyote. Chagua vile vinavyotoka kila siku na vinavyoingia mfukoni kirahisi, plagi, balbu, breki shuu, oili za lita, tyubu, cheni. Havizidi ishirini. Hivyo hesabu kila jumapili jioni, ulichokua nacho jumapili iliyopita jumlisha ulichonunua toa kilichopo, kilichobaki ndo kimeuzwa, kipige kwa bei uone kama hela ipo. Vikubwa kama injini na rimu unavihesabu kwa macho ukiingia tu asubuhi. Nati na boliti achana navyo, nunua kwa kilo, viandike vimeshauzwa siku unayonunua, hela ikirudi ni bonasi.

Na plagi anza nazo leo usingoje jumapili, kwenye maduka ya spea ndo zinaongoza kwa kupotea.

Dogo Spea:

Nimehesabu plagi. Zimepungua 14. Ngoja nimpigie simu mdogo wangu.